Mkaguzi wa Majiko na Kiporo Chake

Niboye, Kigali
16 Februari 2025

Dada yangu Mukashema,

Salamu kwanza, aibu baadaye. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Kirezi binti yangu na mumewe Mugenzi hawajambo huko kwao Kagarama. Mtoto wao ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, hata kidole cha babu yake. Wanakusalimu sana. Jirani yangu Mukandekezi naye anakusalimu, ingawa hamjawahi kuonana. Anasema mtu anayeandikiana barua zama hizi lazima awe na roho nzuri, nami sikumsahihisha.

Na wewe je? Migomba imepona ule mnyauko? Masikio vipi? Ningekupigia simu, lakini nakumbuka mara ya mwisho nilivyopaza sauti kuuliza habari za afya yako mpaka majirani wakanijibu wao, na wewe ukakata. Kwa hiyo barua hii inakuja kwa mkono wa Silvère, dereva wa lori linalofuata dagaa Bukoba. Amekubali kupita kwako Kayanga kwa sababu nilimwahidi kuwa utampa chai.

Sasa aibu. Unajua kwamba tangu Mungu amchukue mke wangu Kayitesi, mwaka jana, nakula nikikumbuka. Kirezi alinitafutia dada wa kazi, akakaa muda mfupi akaondoka. Alisema hawezi kufanya kazi na mzee anayenusa kitambaa cha vyombo kila saa. Hakusingizia. Nilikuwa nakinusa.

Wewe unajua kazi iliyonizeesha: ukaguzi wa usafi katika majiko ya migahawa. Nimefunua sufuria za nusu ya Kigali. Nilikuwa nikiingia jikoni wapishi wanasimama wima, na kwa kutazama kisu tu ningekuambia kama kilikata nyama kabla ya kitunguu. Lakini kupika mwenyewe, dada, sikuwahi. Mimi ni refa aliyeambiwa avue filimbi aingie kucheza.

Jumapili iliyopita niliwakaribisha Kirezi na Mugenzi chakula cha mchana. Nikawaambia wasilete kitu chochote, kwa ile sauti ya mtu anayejiamini. Nilipika wali na maharage. Maharage nilitia chumvi, kisha nikawa sina hakika kama nimetia. Kazini tulifundishwa kwamba kisichothibitishwa hakijafanyika, kwa hiyo nikatia tena. Wali uliungua chini ukabaki mbichi juu. Katikati palikuwa na eneo dogo la kulika, nikampa mtoto.

Mugenzi ana adabu ya kwao. Alikula vijiko viwili akasema, "Turahaze, Papa," yaani tumeshiba. Ameshiba vijiko viwili, mwanamume wa mwili ule! Kirezi hakuwa na adabu hiyo, maana yeye ni damu yetu.

"Papa, hii iko chumvi tu. Kweli ndiyo unakula siku zote?"

Nikamwambia si siku zote. Akainuka akafungua friji. Ndani alikuta ndimu moja na betri za redio.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Papa, unahamia kwetu. Tuko na anegisi pale nyuma, chumba iko kubwa, iko na choo yake. Hii nyumba tutapangisha."

Nikasema sihami. Akasema nitahama. Mugenzi akaanza kumtazama mtoto meno. Mwisho tukafikia mapatano, kama yanaweza kuitwa hivyo: Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ya umuganura, familia zinapokusanyika kula mavuno, wote watakula kwangu. Nikiwapikia chakula cha kulika, nabaki. Nikishindwa, kesho yake wanaleta gari.

Sitaki kuhama, dada. Nakuambia wazi kwa kuwa uko mbali. Humu ndani najua Kayitesi angekuwa wapi saa yoyote ile, na nikipita pale mlangoni bado napinda bega ili nisimgonge. Kule Kagarama nitakuwa mgeni anayesubiri kuitwa mezani.

Swali langu ni hili. Yale maharage na ule wali vipo. Kazini, chakula cha jana nilikiandikia kwa herufi kubwa: KISITOLEWE KWA MTU. Lakini nilipoinamisha sufuria nimwage, mkono ukagoma. Kayitesi hakuwahi kumwaga chakula. Basi nimevigandisha kwenye barafu na kubandika tarehe. Nifanye nini navyo?

Mdogo wako,
Arthur


Kayanga, Karagwe
9 Machi 2025

Mdogo wangu Arthur,

Barua yako imefika ikinuka dagaa. Sisi ni wazima. Mvua zimeanza kwa fujo na upepo umeezua paa la kanisa upande wa kwaya, kwa hiyo tunaimba chini ya miavuli. Mimi sisikii kitu, naambiwa tu kwamba tunaimba vizuri. Migomba iliyougua tuling'oa, iliyobaki inajikaza. Mbusu huyo mtoto wa meno mawili, ila chunga kidole.

Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia kutoka jikoni. Hivi kweli, Bwana Mkaguzi, umegandisha maharage ukisubiri ushauri wa lori? Watu wa nchi nzima walikuwa wanakuogopa wewe?

Sikiliza. Kiporo si ugonjwa. Mama alitulea kwa viporo hapa hapa Karagwe tulipokuwa wakimbizi, na aliyekuwa akiamka kabla ya wenzake kwenda kukwangua sufuria ni wewe. Hukumwandikia mama herufi kubwa.

Maharage usiyaongezee maji, utapata bahari. Chemsha viazi vingi bila chumvi hata chembe, uviponde pamoja na hayo maharage, utie kitunguu kilichokatwa na pilipili mbuzi kidogo. Finyanga viduara, chovya kwenye yai, kaanga. Kiazi kitagawana ile chumvi na maharage mpaka hutaamini ni vile vile.

Wali ule mbichi uloweke kwenye maziwa ya moto, ufunike, uende ukatembee. Ukirudi tia mayai, unga wa ngano, iliki na sukari, umimine kikaangoni ufanye mikate minene. Kunywa na chai. Ule ulioungua kabisa wape kuku. Huna kuku? Basi huo peke yake nakuruhusu kuumwaga.

Kuhusu Kirezi, usimfanye adui. Mtoto anayefungua friji ya baba yake na kupiga kelele ni mtoto anayempenda. Lakini nyumba usiiache. Mtu akitoka kwenye jiko lake mwenyewe, kurudi ni kazi.

Silvère nimempa chai kama ulivyoahidi bila kuniuliza.

Dada yako,
Mukashema


Niboye
27 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Mwezi huu unaujua ulivyo kwetu. Tulikaa na kukumbuka waliouawa mwaka ule wa 1994, sina mengi ya kuandika juu yake. Sasa redio imerudi kupiga muziki na watu wanasalimiana kwa sauti. Kirezi, Mugenzi na mtoto ni wazima. Meno sasa ni manne.

Nakuletea ushindi na kichapo, nianze na ushindi. Vile viduara vya maharage, dada! Nilikaanga nikijua nafanya mchezo. Nikaonja kimoja nikiwa nimesimama. Nikaonja cha pili kuhakikisha. Nilipofikia kukaa chini sahani ilikuwa na yai tu. Nikakaanga vingine nikampelekea Mukandekezi juu ya ukuta. Akatafuna, akanitazama.

"Muzee, hii urinunua wapi?"

Nikamwambia nimepika mwenyewe. Akacheka, akadhani namtania. Nilirudi ndani nimenyooka mgongo kuliko siku ile nilipopewa cheti cha kustaafu.

Sasa kichapo. Ushindi ulinipanda kichwani, nikawaita akina Kirezi siku ya Pasaka. Nilinunua mguu wa mbuzi. Nikatoa kile kipima joto changu cha kazini, unakijua, kile cha sindano ninachoweka mfuko wa shati pamoja na kalamu. Kila baada ya muda mfupi nilifunua sufuria, nikaichoma nyama, nikasoma, nikaandika, nikafunika. Joto likishuka naongeza moto. Likipanda napunguza. Nilimkagua mbuzi yule mpaka nikajua habari zake kuliko mwenye kumfuga. Akatoka mgumu kama soli ya kiatu. Mugenzi alitafuna pande moja kuanzia sala mpaka stori ya kazini kwake ilipoisha. Kisha: "Turahaze, Papa."

Kesho yake, Jumatatu, nilikuwa na hasira. Nikaikata ile nyama vipande vidogo vidogo kwa kisu, nikaitumbukiza kwenye sufuria na ndizi mbichi, nyanya na biringanya, nikaacha agatogo hiyo ya ndizi ijipikie huku nikipiga pasi. Dada, nililamba mwiko. Nikampigia Kirezi aje ale. Akakataa.

"Papa, mtu anaitaje wageni kwa chakula ya jana? Ni aibu, lakini."

Hajakosea. Kwetu huwezi kumpa mgeni kiporo, ni kama kumwambia hukumtegemea. Tatizo langu sasa unaliona. Mimi ni mpishi wa siku ya pili. Siku ya kwanza naharibu, siku ya pili napika kama malaika, na siku ya pili hakuna anayeruhusiwa kuja.

Wewe Pasaka ulipika nini? Barua yako ilinieleza paa la kanisa, migomba na kuku, ila sufuria yako hukuitaja.

Arthur,
bingwa wa Jumatatu


Kayanga
3 Juni 2025

Arthur,

Salamu kutoka kwa wote. Paa la kanisa limerudi, sasa wanasema kwaya inasikika vibaya. Pasaka ilipita salama.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimekwisha kujua ugonjwa wako, tena umeuandika mwenyewe bila kujua. Unafunua. Chakula si mshukiwa, mdogo wangu. Unakipekua, unakichoma sindano, unakihoji, unakirudisha ndani, halafu unashangaa kinatoka kigumu. Mvuke ndio unaopika, na wewe unaufungulia mlango kila mara uende zake. Siku ya pili unapika vizuri kwa sababu unaamini kimeshaharibika, kwa hiyo unakiacha kipumzike.

Siku ya umuganura funika sufuria, weka jiwe juu ya kifuniko, na hicho kipima joto mpe mtoto achezee.

Silvère ana haraka, naishia hapa.

Mukashema


Niboye
6 Julai 2025

Dada,

Nyumbani wote wazima, asante. Leo sina subira ya salamu ndefu.

Nilimuuliza Silvère habari zako. Kwanza alijikuna kichwa. Nikamkaribisha mkate wa wali, akalegea.

"Muzee, mimi siko mpelelezi. Mimi niliomba moto ya kuwasha sigara tu. Mama akasema nenda kwa jirani. Nikaangalia jikoni, naona kuku imelalia mayai katikati ya mafiga. Imetulia kabisa, iko kwake. Chai anatoa kwa thermosi, jirani ndiye anamuletea. Na mukate ya dukani. Kila siku naenda, ni chai na mukate."

Kuku kwenye mafiga, Mukashema! Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena. Shemeji Bizimana amefariki miaka minne sasa. Ina maana miezi yote hii umekuwa ukinifundisha mapishi kutoka kwenye jiko lililozima? Mimi naloweka wali, naponda viazi, nafuata maneno yako neno kwa neno, na mwalimu mwenyewe anaishi kwa mkate mkavu? Kazini ningekuita nani? Hakuna hata kipengele cha kosa kama hilo.

Mimi sina haki ya kukusema, najua. Mtu mwenye betri za redio kwenye friji akae kimya. Lakini uliniambia mtu akitoka kwenye jiko lake kurudi ni kazi, na mimi mjinga nikadhani unazungumza juu yangu.

Kwa nini uliacha? Niambie. Au usiniambie, njoo tu. Silvère anapita kwako mwishoni mwa mwezi, atakubeba mbele, kiti kizuri. Njoo tule umuganura pamoja, hata kama ndicho chakula changu cha mwisho katika nyumba hii.

Arthur


Niboye
10 Agosti 2025

Dada yangu Mukashema,

Hukuja na hukujibu. Silvère alisema ulimpokea, ukampa chai, ukamuaga bila karatasi. Nimeelewa kwamba nimekanyaga pasipokanyagwa. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu nina habari na hakuna mwingine wa kumpa ambaye atanicheka sawasawa.

Wote hawajambo. Mukandekezi anaumwa mgongo. Umuganura ulifika.

Nilipika pilau ya ng'ombe. Usiniulize kwa nini pilau, wakati ningeweza kupika viazi vitamu na maharage kama watu wazima wa rika langu. Nilitaka Kirezi ashangae. Nilikaanga vitunguu vikawa vizuri, viungo vikanukia mpaka Mukandekezi akakohoa upande wa pili. Nikamimina mchele na maji, nikafunika, nikaweka jiwe. Jiwe lenyewe nililiosha kwa sabuni, ujue unaandikiana na nani. Nikakaa kwenye kiti, mikono kwenye mapaja, nikitazama jiwe.

Na dada, wazo likanijia: kisichothibitishwa hakijafanyika.

Nikaondoa jiwe. Nikachoma sindano. Nikarudisha jiwe. Nikaondoa jiwe. Nilipofunua mara ya mwisho mchele ulikuwa mgumu kama changarawe, na gari la Mugenzi lilikuwa linaingia getini. Nikashikwa na hofu, nikamwaga birika zima la maji ndani. Kilichofika mezani kilikuwa uji wa pilau. Kilikuwa kinapumua.

Kirezi alikuwa ameleta maziwa, kama ilivyo desturi siku hiyo, na kila mtu alikunywa maziwa mengi sana. Mugenzi alijaribu. Nampenda kijana yule, alifika kijiko cha tatu. Kirezi alikula kidogo, akaweka kijiko chini taratibu. Safari hii hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Papa, kesho asubuhi tunakuja na gari."

"Sawa," nikasema. Mapatano ni mapatano, na mimi maisha yangu yote nimewafungia watu majiko kwa makosa madogo kuliko yale.

Walipoondoka nilifunga vitu. Nilianza na vya kazi: vyeti, koti jeupe, na kile kipima joto, nikavitia kwenye boksi la kwanza kabisa na kulifunga kwa utepe. Asubuhi nikaamka nikakuta kila kitu kiko kwenye maboksi isipokuwa kikaango, kisu, na ile sufuria ya uji wa pilau, ambao sasa ulikuwa umeganda ukakatika kama sabuni. Nikafikiri, watu wanakuja kubeba mizigo na hawajanywa chai. Nikafikiri pia kwamba hii ni mara ya mwisho nasimama kwenye jiko hili, na sitaki Kayitesi akumbukwe humu kwa uji.

Basi nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikatoa nyama nikaikatakata, nikaichanganya tena na ule wali, nikatia kitunguu kibichi, dania na pilipili. Nikafinyanga vibao, nikachovya kwenye yai, nikavigaragaza kwenye unga. Mafuta yakapata moto. Sikupima. Ningepima na nini? Kila nilipoushika mfuko wa shati nilikuta kalamu peke yake. Nikaviacha vijigeuzie rangi huku nikifuta rafu zilizokuwa zimebaki tupu, na nilikuwa nalia kidogo, hilo usimwambie Silvère.

Mugenzi aliingia wa kwanza na vijana wawili wa kubeba. Akanusa. Akauliza, "Papa, ni nini hii?" Nikamwambia ukweli, ni kiporo cha jana, asile, ni cha njiani tu. Alikuwa ameshakula. Akachukua kingine, akachukua cha tatu, akawaita wale vijana. Walisimama kati ya maboksi wakila kwa mikono, hakuna aliyekuwa amebeba kitu. Nikasubiri "Turahaze". Haikuja. Akaniuliza kama viko vingine!

Kirezi akaingia na mtoto mgongoni, akitaka kujua kwa nini gari bado tupu. Akaona. Nikaanza kujitetea.

"Najua ni cha jana. Sikukukaribisha. Hukupaswa..."

"Papa, ceceka," akasema, yaani ninyamaze. Akachukua kibao kimoja, akakimega, akampa mtoto nusu. Akala nusu yake amesimama pale mlangoni, mahali pale pale mama yake alipokuwa akisimama. Alikula polepole sana. Kisha akafungua mkeka, akamlaza mtoto, akaenda kwenye boksi lililoandikwa JIKO, akaling'oa utepe kwa meno.

"Sufuria zirudi ndani," akawaambia wale vijana. "Zote. Muanzie na hii kubwa."

Nikamwambia lakini tulisema umuganura, na umuganura ilikuwa jana.

"Papa, mimi nitakuja Jumamosi. Ijumaa upike vile unajua, uharibu vile unataka. Jumamosi mimi nakuja kula. Na mimi siko mgeni hapa."

Dada, nimebaki. Jana Jumamosi walikuja, nikawapa mabaki ya ugali niliouunguza Ijumaa, nimeyakaanga na kitunguu na nyanya. Walikwangua sahani. Kile kipima joto bado kiko kwenye boksi, sijui lipi, na sijalitafuta.

Sikuambii uwashe jiko. Nimejifunza. Nimempa Silvère kopo la vibao vya wali akuletee, uonje kazi ya mikono yako. Likifika tupu, muulize yeye.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Arthur


Kayanga
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Arthur,

Kopo limefika tupu.

Silvère aliapa kwamba njiani lilifunguka lenyewe. Nilikuwa tayari kumpa thermosi yake anywe aende, maana bado nilikuwa nimekununia, na barua yako nilikuwa sijaifungua. Lakini nilikishika kile kifuniko nikakisogeza puani. Kitunguu, dania, na mafuta yaliyokaangiwa nyama. Mate yakanijaa mdomoni, Arthur, nikashtuka, nikadhani naumwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ndivyo njaa inavyokuja. Nikasoma barua yako nikiwa nimeshika kopo.

Uliniuliza kwa nini niliacha. Nilinuna kwa sababu jibu ni dogo na linanitia aibu. Sisikii sufuria ikikauka. Wewe unasikia maji yakiisha, mafuta yakianza kulia, kifuniko kikirukaruka. Mimi hapana, na hiyo ni miaka mingi, tangu Bizimana yupo. Alikuwa akikaa pale kizingitini na redio yake, na maji yakikaribia kuisha ananigusa bega. Hakuwahi kusema kitu, ananigusa tu. Alipokufa nilipika mara moja, nikaunguza mpaka sufuria ikatoboka, na hakuna bega lililoguswa. Nikamwachia kuku lile jiko. Kukufundisha wewe kulinipa raha, nilikuwa napika kichwani, na kichwani hakuungui kitu.

Sasa habari yenyewe. Kuku ameangua mara ya pili, vifaranga sita wazuri, nimemhamishia kwenye tenga. Jana niliwasha moto. Macho yangu yalitokwa na machozi, usijidanganye, ni moshi, kuni zilikuwa mbichi. Karibu nusu ni moshi. Nilipika ndizi na maharage, nikakaa nimekodoa macho kwenye sufuria nisibanduke. Kisha kifaranga kimoja kikaangukia kwenye ndoo, nikaenda kukiokoa, na niliporudi ndizi zilikuwa nyeusi chini na maharage yamekuwa risasi. Silvère alikuwa amerudi kutoka Bukoba. Nikamwekea. Akala vijiko viwili, akajifuta mdomo, akanitazama kwa heshima kubwa.

Unajua alichosema. Mwalimu wako amepewa "Turahaze" jikoni kwake mwenyewe!

Nimecheka mpaka vifaranga wakajificha. Halafu nikakwangua ile iliyokuwa juu, nikaifunika kwa jani la mgomba, na leo asubuhi nimeiponda na kuikaanga na pilipili. Nimekula sahani nzima, nimekaa pale kizingitini alipokuwa akikaa yeye. Kwa hiyo ugonjwa wako ni wa ukoo. Hata mimi ni wa siku ya pili.

Njoo Krismasi. Silvère amesema kiti cha mbele ni chako. Lete na Kirezi kama Mugenzi atamruhusu, na huyo mtoto, meno yake sasa yatatosha. Tarehe ishirini na tano nitapika mimi, na wewe ukae karibu yangu unisikilizie sufuria. Ukisikia maji yanaisha, usipige kelele na usifunue. Niguse bega.

Na nikiunguza hivyo hivyo, tarehe ishirini na sita utapika wewe.

Dada yako,
Mukashema